Getembe, Bosongo, Kisii: Historia ya mji mmoja wenye majina matatu

MJI wa Kisii una majina matatu. Kwenye ramani, kwenye stakabadhi za serikali na katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010 linaloorodhesha kaunti 47 za Kenya, jina ni Kisii. Wenyeji wanapozungumza kwa lugha yao ya Ekegusii, wengi huuita Bosongo. Na wazee wanaposimulia habari za kale, kabla ya afisa wa kwanza wa Kiingereza kupiga hema katika milima hiyo, pahali hapo huitwa Getembe.

Majina hayo hayakuzuka kwa bahati. Kila moja lilitoka kinywani mwa watu tofauti, katika kipindi tofauti na kwa sababu tofauti. Ayafuatiliaye moja baada ya jingine husoma historia nzima ya mji huo: utabiri, vita, kodi, vita vingine, na hatimaye kalamu ya karani. Huona pia jambo lisilozungumzwa sana, kwamba jina linalotumiwa rasmi ndilo lililo mbali zaidi na ulimi wa wenyeji.

Jina la watu latangulia jina la mji

Haiwezekani kueleza asili ya neno Kisii bila kuanza na watu wenyewe. Kwa mujibu wa masimulizi yao, Wagusii ni uzao wa Mogusii, mwana wa Osogo. Masimulizi hayo, ambayo marehemu Profesa William Ochieng' aliyakusanya na kuyachapisha katika historia yake ya Wagusii ya mwaka wa 1974, huwataja Walogooli wa Vihiga kuwa ndugu zao wa karibu, na hueleza safari ndefu kutoka maeneo ya Mlima Elgon, kupitia ukingo wa Ziwa Victoria na nyanda za Kano, hadi milima wanayokaa leo.

Safari hiyo yenyewe iliacha majina njiani. Mfano ujulikanao zaidi ni Kabianga, katika Kaunti ya Kericho ya leo. Wagusii husimulia kwamba walipofika huko, mazao yalikataa na mifugo ikafa, wakapaita pahali hapo kwa neno lao lenye maana ya mambo kukataa. Walihama, lakini jina wanalolidai kuwa lao likabaki katika nchi ya Wakipsigis. Leo hata chuo kikuu kilichoko huko kinaitwa Kabianga.

Basi kiini cha jina la jamii ni «gusii». Mtu mmoja ni Omogusii, wengi ni Abagusii, na lugha ni Ekegusii. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba viambishi hivyo ni ndugu wa viambishi vyetu: omo- ni m-, aba- ni wa-, na eke- ni ki-. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa na kizuizi chochote cha kusema Mgusii, Wagusii na Kigusii. Maneno hayo hutamkika bila shida na hulingana kabisa na ya wenyeji.

Hata hivyo, historia ilichukua njia nyingine. Baadhi ya maandishi ya mwanzo ya Waingereza yaliwaita watu hawa Wakosova. Baadaye, utawala ulipojikita, jina lililokaa katika faili lilikuwa Kisii, na ndilo Kiswahili kikalipokea na kulieneza. Hapo ndipo yalipozaliwa maneno Mkisii na Wakisii, na pia Kikisii, neno ambalo silabi yake ya kwanza hurudiwa kana kwamba msemaji amekwama.

Getembe na utabiri wa Sakawa

Jina Getembe lilikuwapo kabla ya hayo yote, nalo limefungamana na mtu mmoja, Sakawa, ambaye wengine humwandika Sakagwa. Alikuwa mwaguzi mashuhuri katika nusu ya pili ya karne ya 19. Inasimuliwa kwamba siku moja aliwakusanya watu pale Getembe, wakati ambapo hapakuwa na jengo lolote la mji, akawaonyesha kwa kidole mahali ambapo siku zijazo patakuwa na hospitali, mahali pa askari na mahali pa shughuli nyingine za utawala. Aliwaambia kwamba watakuja wageni weupe, na kwamba mashujaa wao watanyang'anywa silaha. Lakini alisema pia kwamba wageni hao hawatakaa milele.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Sakawa alitoweka. Wapo walioamini kwamba hakufa bali aliondoka na angerejea. Imani hiyo, kama tutakavyoona, iliwasumbua watawala kwa miaka mingi.

Umbo la neno Getembe lina jambo la kutufundisha kuhusu majina ya eneo zima. Kiambishi kilicho sawa na ki- ya Kiswahili huwa na sura mbili katika majina ya mahali. Huwa Ke- katika Keroka, Kenyenya, Kebirigo na Kemera. Lakini sauti ifuatayo ikiwa t, s au k, huwa Ge-: Getembe, Gesusu, Gekano, Getutu. Hii ni kanuni ya kifonolojia inayopatikana pia katika lugha nyingine za Kibantu za Kenya. Kikuyu ni mfano, kwani wenyewe husema Gĩkũyũ, kwa g, ilhali sisi husema Kikuyu.

Karani aliyezoea Kiswahili, akisikia Getutu, aliiandika Kitutu. Leo Kitutu Chache Kaskazini, Kitutu Chache Kusini na Kitutu Masaba ni maeneobunge, ingawa wenyeji wangali wanajiita Abagetutu. Na msomaji asidanganyike na neno Chache katika majina hayo. Si lile la Kiswahili lenye maana ya uhaba, bali ni la eneo lenyewe.

Bosongo, yaani Uzunguni

Waingereza walifika kwa nguvu kabla ya kufika kwa ofisi. Mnamo Septemba 1905, walituma kikosi cha kijeshi dhidi ya Getutu. Zaidi ya Wagusii 100 waliuawa na ng'ombe wengi wakatekwa. Mwaka wa 1907 ndipo afisa kijana, Geoffry Northcote, alipotumwa kuanzisha kituo cha utawala katika milima hiyo. Kabla ya hapo, wilaya ilikuwa ikitawaliwa kutoka Karungu, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Mahali palipochaguliwa ni pale Getembe. Wagusii walimpa afisa huyo jina la Nyarigoti, ambalo ni Northcote lililotiwa katika matamshi yao.

Kukaa kwake hakukuwa kwa amani. Mnamo Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, kijana wa Getutu, alimvizia Northcote njiani na kumchoma mkuki. Masimulizi humtaja Moraa, mwanamke aliyekuwa mganga na mtabiri, kuwa ndiye aliyewachochea vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote alinusurika. Kisasi kilichofuata kilikuwa kikali: nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa na watu wengi wakauawa, kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni kule London, alilalamikia mauaji hayo katika mawasiliano yake na utawala wa Afrika Mashariki.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Jamaa zake na wazee wa Gusii wamesisitiza kwa miaka mingi kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na madai ya kutaka kirudishwe hayajanyamaza. Northcote naye alipanda vyeo hadi akawa Gavana wa Hong Kong, kati ya 1937 na 1941.

Katika mazingira hayo ndipo jina Bosongo liliposhika. Kwa Ekegusii, Mzungu ni Omosongo na Wazungu ni Abasongo. Kiambishi bo- hutaja nchi au makao ya watu, kama katika Bonchari, nchi ya Abanchari, na Bobasi, nchi ya Ababasi. Ndicho kiambishi u- katika Kiswahili, kile tunachokiona katika Uganda na Uingereza. Kwa hiyo Bosongo, ukilitafsiri kwa usahihi, ni nchi ya Wazungu. Miji mingi ya Afrika Mashariki iliyotawaliwa na Waingereza au Wajerumani ilikuwa na mtaa uliojulikana kama Uzunguni, mahali palipokuwa na nyumba za maafisa. Tofauti ni kwamba Wagusii hawakuliweka jina hilo kwa mtaa mmoja. Waliuita mji wote hivyo.

Hapa pana maana kubwa. Jina Bosongo halikuwa sifa. Lilikuwa njia ya kusema kwamba mji ule, uliosimama katikati ya nchi ya Abagusii, haukuwa wao. Huko ndiko palikuwa na ofisi ya kulipia kodi, mahakama na gereza. Mtu alikwenda Bosongo alipoitwa, na aliporudi nyumbani alikuwa amerudi Gusii.

Siku mji ulipobaki mtupu

Tofauti hiyo ilidhihirika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnamo Septemba 11, 1914, kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika, kikitokea upande wa nchi ambayo leo ni Tanzania, kiliingia Kisii. Maafisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuondoka. Kesho yake, Septemba 12, jeshi la King's African Rifles lilishambulia, na mapigano yakadumu hadi jioni. Kapteni Thorneycroft wa upande wa Waingereza alikuwa miongoni mwa waliouawa. Kufikia usiku, pande zote mbili zilikuwa zimeondoka.

Kwa wenyeji waliokumbuka maneno ya Sakawa, ilikuwa kama utabiri umetimia: wageni weupe walikuwa wamekwenda. Watu waliingia mjini na kupora ofisi na maduka. Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu, iliyoanzishwa na mapadri wa Mill Hill mwaka wa 1911, nayo haikusazwa. Waingereza waliporejea, walitoza faini ya ng'ombe wengi na kuwachukua vijana kwa kazi ya kulazimishwa.

Wakati uo huo, imani ya Mumbo, iliyoanzia Alego mwaka wa 1913 kwa Onyango Dunde, ilikuwa imefika Gusii na kuungana na matumaini ya kurejea kwa Sakawa. Wafuasi wake walikataa mafundisho ya kigeni na kuahidi mwisho wa utawala wa Wazungu. Serikali iliwaandama kwa miaka, na baadhi ya viongozi walihamishwa mbali hadi pwani. Wakati ramani zikiandika Kisii, watu hao waliendelea kuitazama Getembe kama mahali ambapo ahadi ilikuwa haijatimizwa.

Jina la kituo lawa jina la nchi

Kituo kilipokua, jina lake lilipanuka. Mwanzoni, Kisii ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyowajumuisha Wagusii, Waluo na Wakuria. Shule ya serikali ya Kisii ilianzishwa mwaka wa 1934, na wahitimu wake walilibeba jina hilo kote nchini. Mnamo 1961, Wagusii walipotengwa na sehemu nyingine ya iliyokuwa Nyanza Kusini, wilaya mpya iliitwa Kisii. Jina la ofisi lilikuwa sasa ni jina la wilaya nzima na la watu wake wote.

Baadaye wilaya hiyo iligawanywa, na upande wa kaskazini na mashariki ukawa Wilaya ya Nyamira, kisha Kaunti ya Nyamira. Katika sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira 605,576. Nyamira ni jina la aina nyingine kabisa. Limo katika kundi kubwa la majina yanayoanza kwa Nya-, kama vile Nyaribari, Nyansiongo, Nyamache, Nyamarambe na Nyanchwa. Majina ya aina hiyo hupatikana pia kwa majirani Waluo. Ipo Nyamira nyingine huko Bondo, ambako ndiko nyumbani kwa marehemu Jaramogi Oginga Odinga. Hivyo Nyamira ni jina ambalo halikuhitaji kugeuzwa na karani ili liandikike.

Mgawanyo huo ulileta swali ambalo halikuwapo zamani: je, mkazi wa Nyamira ni Mkisii? Kwa ukoo na lugha, yeye ni Omogusii kamili. Genge la Manga, ambalo huhesabiwa miongoni mwa mahali patakatifu pa jamii nzima, limo katika Nyamira. Lakini kwa mujibu wa kaunti, yeye si wa Kisii. Neno moja likibeba mzigo wa kuwa mji, kaunti na kabila, halina budi kumwacha nje mtu fulani. Uzito wa jambo hili umeonekana Keroka, mji wa mpakani ambao serikali za kaunti hizo mbili zimewahi kuuvutania, hasa kuhusu ushuru. Watu wa pande zote mbili za barabara ni wa jamii moja, lakini hawana jina rasmi linalowaunganisha.

Wakati mwingine jina hilo hujitokeza lenyewe. Uwanja wa michezo wa mji wa Kisii unaitwa Gusii. Kampuni ya maji inayohudumia sehemu hizo ni ya Gusii. Wananchi, wanapotaka kusema jambo linalowahusu wote, hawalichagui neno lililoandikwa katika Katiba.

Yaliyobadilishwa na yaliyoachwa

Baada ya uhuru, Kenya ilifuta majina mengi ya kikoloni. Fort Hall ikawa Murang'a, Thomson's Falls ikawa Nyahururu, na Broderick Falls ikawa Webuye. Huko India, Bombay ilirejea kuwa Mumbai mnamo 1995, na Calcutta ikawa Kolkata mnamo 2001. Bangladesh nayo iliacha kuandika Dacca kwa herufi za Kiingereza, ikaandika Dhaka, ili tahajia ifuate matamshi ya wenye mji.

Mifano hiyo ya Asia inatufaa zaidi kuliko ile ya Murang'a. Fort Hall lilikuwa jina la kigeni waziwazi, na kila mtu aliliona. Lakini Bombay, Calcutta na Dacca yalikuwa majina ya wenyeji yaliyopindwa. Kisii ni wa kundi hilo. Halikuguswa kwa sababu lina sura ya Kiafrika. Kwa sikio la Mswahili, halina ugeni wowote, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyeuliza lilikotoka.

Kwamba tahajia za namna hiyo zaweza kurekebishwa, Gusii yenyewe ni shahidi. Wakati wa uhuru kulikuwa na eneobunge la Majoge-Bassi, ambalo Zephaniah Anyieni aliliwakilisha Bungeni. Wanjare nalo lilikuwa jina la kawaida katika karatasi za serikali. Leo tuna Bomachoge Borabu, Bomachoge Chache, Bobasi na Bonchari, majina yanayoandikwa kama yanavyotamkwa na wenye nchi. Hakuna mpaka uliovurugika kwa sababu hiyo, wala hati ya shamba iliyobatilika.

Lakini kazi hiyo ilifanywa nusu. Tazama orodha ya maeneobunge ya kaunti hizo mbili kwa jicho la mhariri. Bonchari na Bobasi ni majina ya nchi. Kitutu ni Getutu iliyovishwa kiambishi cha Kiswahili. Na Mugirango ni umbo la mtu mmoja, Omogirango, kana kwamba eneobunge zima lina mkazi mmoja tu. Nchi ya Abagirango, kwa kanuni ile ile iliyotupa Bonchari, ni Bogirango.

Si lazima mji wa Kisii ubadilishwe jina. Jina lililotumika zaidi ya miaka 100 limekwisha kuwa na historia yake, na wapo maelfu waliolipenda kupitia shule, biashara na kandanda. Hata Shabana, klabu ya soka inayopendwa kuliko zote katika eneo hilo, jina lake lilitokana na duka la vifaa vya ujenzi mjini humo, wala hakuna shabiki anayetaka libadilishwe.

Kilicho lazima ni kuyahifadhi yale mengine mawili. Jina Kisii lina serikali ya kulitunza. Bosongo lina midomo ya wenyeji, ingawa vijana wengi hulitamka bila kujua kwamba wanasema nchi ya Wazungu. Getembe lina wazee tu. Serikali za kaunti zina mamlaka ya kuweka majina katika mitaa, bustani na vibao, na shule zina watoto wanaoweza kutumwa kuwauliza babu na nyanya zao jina la kila kilima na kijito. Tahajia iliyokosewa hurekebishwa hata baada ya miaka 50, kama ilivyokuwa kwa Majoge, kwa sababu walikuwapo waliojua namna ya kuitamka. Wasipokuwapo, mhariri hana cha kurekebisha.